Bi Makohozi na Kikopo cha Mate

Pale hospitalini walimwita Bi Makohozi, na waliombandika jina hilo walitaka kumchokoza. Waliambulia patupu, kwa sababu yeye alilipenda. Alisema angalau yuko mtu mmoja katika jengo zima anayeweza kulitamka neno hilo bila kukunja pua. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kwenye stuli ile ile ya chuma, katika chumba cha maabara chenye madirisha mawili yasiyofunguka, mbele ya hadubini ambayo skrubu yake ya kulia ilishalegea ikafungwa kwa plasta ya vidonda. Kazi yake ilikuwa kupokea vikopo vya watu wenye kikohozi na kutafuta kilichomo. Na ungemuuliza nini kilimkasirisha kuliko vyote katika miaka hiyo, asingekutajia mshahara wala zamu. Angekutajia neno moja tu: mate.

Hapo ndipo kazi yote ilipoharibikia. Mgonjwa anafika dirishani, homa iko juu, ubavu unamchoma. Muuguzi anampa kikopo. Sasa muuguzi naye ni mtu na adabu zake. Kusema "kohozi" mbele ya watu waliojaa kwenye benchi anaona ni kama kutukana. Basi analainisha sauti: "Mzee, katemee mate humu." Mzee anajisogeza pembeni, anatema mate, meupe, yana mapovu, masafi kabisa, anayaleta kwa mikono miwili. Kila mtu amemheshimu mwenzake, na hakuna aliyefanya la maana.

"Mate yanatoka mdomoni," aliwaambia wauguzi, kila mwaka, kila kundi jipya. "Ugonjwa uko kwenye mapafu. Hizo ni nyumba mbili tofauti. Ukinipa mate umenituma kwa jirani nikaulize habari za nyumba isiyo yake. Mwambie mtu avute pumzi, akohoe kutoka chini kabisa, alete kohozi. Semeni kohozi. Halina meno." Wauguzi walicheka, wakaitika ndiyo mama, na kesho yake wakasema mate.

Alikuwa na haki ya kufoka. Watu husema nimonia, au kichomi kama walivyokiita bibi zetu, kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye mdudu mmoja na dawa moja. Yeye aliwajua wanaouleta mmoja mmoja, kama mwenye duka anavyowajua wateja wake. Yuko kinara wao, anayewakamata watu wengi kuliko wote wakiwa majumbani mwao na kazini kwao. Huyo hukaa wawili wawili, na ukimtia rangi anageuka zambarau. Viko vijiti vidogo vya waridi, vinavyopenda mapafu ya wavuta sigara wa siku nyingi. Wako wanaojikusanya kama kichala cha zabibu, ambao humvamia mtu anapotoka tu kuugua mafua makali. Viko vijiti vinene vilivyovaa koti la ute, marafiki wa walevi na wenye kisukari. Halafu wako wajanja zaidi, wasioshika rangi hata kidogo, ambao utatazama mpaka macho yakutoke machozi na hutawaona. Hao hutafutwa kwa kupima mkojo au kwa mashine. Dawa inayommaliza mmoja, mwenzake anaioga kama maji ya bomba.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mdudu, Bi Makohozi aliihoji sampuli yenyewe. Alianza na lenzi ndogo. Akiona seli bapa za ndani ya mashavu zimezagaa, zaidi ya ishirini na tano katika duara moja la lenzi, alijua hayo ni ya mdomoni. Akiona chembe za usaha zimejaa na seli za mashavu ni za kuhesabu, alijua sasa ameletewa kitu kutoka chini, na hapo ndipo aliposogeza stuli karibu. Cha mate alikirudisha. Alikuwa na muhuri wake mwekundu, IMEKATALIWA, na aliugonga mpaka meza ikaruka.

Kisha akaja mkuu mpya wa maabara. Huyu walimwita Bwana Mteja, kwa kuwa hakuwa na sentensi isiyo na mteja ndani yake. Alikuwa na mashati mazuri na hakuwa ameshika slaidi tangu alipomaliza masomo. Wiki ya pili tu aliitisha kikao, akamwaga mezani karatasi za malalamiko kutoka kwenye sanduku la maoni.

"Mteja ametoka mbali," alisema. "Amepanga foleni, amekupa sampuli yake, wewe unamrudishia. Hapa mteja hakataliwi. Kuanzia leo kila kikopo kinachoingia kitoke na jibu."

"Na kikiwa ni mate?" aliuliza Bi Makohozi.

"Andika ulichokiona."

"Nimeona mate."

Bwana Mteja alimsogezea fomu mpya. Ilikuwa na visanduku viwili tu: vimelea vimeonekana, vimelea havijaonekana. "Fomu haina kisanduku cha mate," alisema. "Chagua kimoja."

Aliyoyasema Bi Makohozi siku hiyo yalisikika hadi chumba cha eksirei. Alisema kutoona si sawa na kutokuwepo, na kwamba jibu la uongo lenye muhuri ni baya kuliko kukosa jibu. Alipata barua ya onyo. Akaendelea kukataa vikopo, akapata ya pili. Ya tatu, aliambiwa, ingepelekwa makao makuu, na huko watu wa umri wake hawarudishwi. Alikuwa amebakiza miaka minane astaafu. Akameza maneno yake. Kikopo cha kwanza cha mate alichokitilia alama kwenye "havijaonekana" kilimkera mchana kutwa. Cha kumi alikitilia alama huku akizungumza na mtu mlangoni.

Bwana Mteja aliondoa pia majina kwenye vikopo, eti kulinda siri ya mteja. Vikabaki na namba.

Sasa Bi Makohozi alikuwa na kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Watu walimwita Cheche. Wazazi walipofariki mapema, huyu ndiye aliyemsuka nywele mdogo wake, vibaya sana, na kumsindikiza shule kila asubuhi mpaka watoto wengine wakadhani ni baba yake. Karakana yake ilikuwa banda la mabati, moshi umeganda kwenye paa, na yeye katikati, miwani usoni, pua na mdomo wazi. Walikuwa wamegombana hapo zaidi ya mara moja.

"Kaka, huo moshi wa chuma unamfungulia mlango yule mdudu wa kichomi ninayekuambia kila siku," alimwambia. "Vaa barakoa. Na kuna chanjo yake, njoo uchanjwe."

"Mdogo wangu, mimi naunga vyuma, wewe unachungulia makohozi. Kila mtu na riziki yake," alijibu Cheche, na vijana wa karakana wakaangua kicheko. Dada mtu aliondoka amevimba, na mwezi mzima hakukanyaga pale.

Jumatatu moja Cheche aliamka akitetemeka mpaka kitanda kikalia. Kila akivuta pumzi, kitu kilimdunga chini ya ziwa la kulia. Mkewe akamwamuru aende hospitali. Alikwenda, lakini alipita mlango wa nyuma ili asionwe na mdogo wake, kwa maana alijua atakalosomewa. Tabibu wa zamu alimsikiliza kifua juu ya shati, akamwandikia kipimo cha malaria na cha kikohozi. Mashine ya eksirei ilikuwa imeharibika. Muuguzi akampa kikopo namba thelathini na moja.

"Baba, katemee mate humu," akamwambia.

Cheche aliingia chooni. Kikohozi kikamshika, akakohoa kwenye karatasi, na alipoitazama akaona kitu kizito cha rangi ya kutu, kutu ile ile anayoisugua kwenye mageti ya zamani. Kilimtisha. Halafu akafikiria jambo lingine kabisa: kikopo hiki kinakwenda mezani kwa mdogo wake. Yule mtoto ambaye yeye ndiye alimsuka nywele, akae akichungulia uchafu huu wa kaka yake? Alitupa karatasi, akavuta maji, akasukutua mdomo mara mbili, akatema mate safi. Na wala hakudanganya. Mate ndiyo aliyoombwa.

Saa nne asubuhi kikopo namba thelathini na moja kilifika chini ya lenzi. Bi Makohozi aliona seli za mashavu zimetapakaa uwanja mzima, chembe za usaha hakuna. Akasonya. Akavuta fomu, akatia alama kwenye "vimelea havijaonekana", akasaini, akachukua kikopo namba thelathini na mbili. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu.

Tabibu alipoisoma fomu aliitazama saini kwanza. "Huyu mama hana mchezo," alimwambia Cheche. "Huyu akisema hakuna, hakuna. Malaria nayo haipo. Ni mafua makali tu, mzee wangu." Akampa dawa ya maumivu na chupa ya dawa ya kikohozi. Cheche alirudi nyumbani ameridhika. Jibu lilikuwa la mdogo wake.

Alhamisi saa nane mchana vijana wa karakana walimshusha kutoka kwenye gari la kubebea vyuma, mmoja amemshika kwapa, mwingine miguu. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, na alipumua kama aliyekimbizwa. Mkewe alikuja nyuma na kandambili za rangi mbili tofauti. Maabara iliitwa wodini kuchukua damu, na aliyekwenda ni Bi Makohozi, na trei yake mkononi, akifikiria mambo mengine. Alipofungua pazia alisimama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Jumatatu," alijibu wifi yake. "Alikuja hapa Jumatatu. Walimpima wakasema hana kitu."

"Nani alisema hana kitu?"

"Maabara yenu, wifi."

Bi Makohozi alishusha trei. Alimfunga kaka yake mpira mkononi, akatoa damu, akaijaza kwenye chupa mbili za kuoteshea vimelea, kabla sindano yoyote ya dawa haijamgusa, maana dawa ikitangulia, mdudu hufa na chupa haioti kitu. Kisha akashika kikopo, akamkalisha kitandani.

"Kaka, nipe kohozi."

Cheche alitikisa kichwa. "Chafu," alisema. Neno moja tu lilimmaliza pumzi.

"Nimeishi na uchafu miaka ishirini na miwili. Vuta pumzi. Usinipe mate. Mate nitakumwagia miguuni, wallahi. Kohoa kutoka chini."

Alimpiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa, mara mbili, mara tatu, na kaka yake akakohoa machozi yakimtoka. Kikatoka kile kitu cha kutu. Bi Makohozi alifunga kifuniko na kushuka ngazi. Alipaka kwenye slaidi, akakausha, akapitisha motoni, akamwaga rangi ya zambarau, kisha iodini, akasuuza kwa spiriti, akamalizia na rangi ya waridi.  Lenzi ndogo: usaha, usaha, seli mbili za shavu. Lenzi kubwa, tone la mafuta: wapo. Wawili wawili, zambarau, wamejaa kila pembe, kama waliokuwa wakimngoja. Alipanda juu na slaidi mkononi, akampa daktari jibu kwa mdomo, fomu baadaye. Dripu ya dawa ikafunguliwa. Oksijeni ilikuwa tayari puani.

"Ameonekana," alimwambia wifi yake. "Tumemwona."

Hapo ndipo alipochukua faili lililoning'inia miguuni pa kitanda ili aandike. Karatasi ya juu ilikuwa ya Jumatatu. Kisanduku cha pili kina alama. Chini yake saini yenye mkia mrefu, saini ambayo wauguzi huiga kwa utani. Aliisoma mara tatu. Alishuka tena maabara, akafungua daftari la mapokezi, akaweka kidole kwenye namba thelathini na moja, na pembeni, kwa penseli, akakuta herufi aliyokuwa akijiandikia mwenyewe kwa siri tangu fomu mpya zije: M. Maana yake mate. Alijua. Jumatatu saa nne asubuhi alijua.

Aliingia ofisi ya Bwana Mteja bila kubisha. Alimwambia yote, na sauti yake safari hii haikufika hata korido. Alimwambia mteja namba thelathini na moja yuko wodini anapumua kwa taabu, kwamba fomu yake ya visanduku viwili imemrudisha nyumbani mtu mwenye mapafu yaliyojaa usaha, na kwamba mteja huyo ana mke na jina.

Bwana Mteja alisikiliza mpaka mwisho, akachukua karatasi, akaigeuza kumwelekea. "Sikatai fomu ni yangu," alisema. "Saini je?"

Bi Makohozi alikaa kwenye ngazi za nyuma, pale wanapokaa wafagizi, akiwa na hasira ambayo hakujua aipeleke wapi. Miaka yote ilikuwa na anwani: wauguzi na adabu zao, tabibu anayesikiliza mashati, mkuu na wateja wake. Na wote walikuwa na makosa, hakumsamehe hata mmoja wao. Ila wao hawakujua walichokuwa wanakishika. Aliyejua alikuwa mmoja.

Siku tatu Cheche alikuwa kati ya kwenda na kubaki. Chupa za damu zilichafuka siku ya pili, ishara kwamba mdudu ameota. Kwenye sahani za kuoteshea yakaota madoa madogo yenye ukungu wa kijani pembeni, na vidonge vya kupimia dawa vikaonyesha kwamba penisilini ya kawaida kabisa, iliyojaa kabatini tangu Jumatatu, ingemuua mdudu yule. Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya sita Cheche alikaa mwenyewe, akaomba chai, akalalamika haina sukari.

Wifi akawa mtangazaji wa wodi. Kila aliyepita alisimuliwa. "Huyu wifi yangu ndiye aliyemgundua," alisema, ameshika thermosi kifuani. "Wenzake walisema hana kitu. Yeye alitazama mara moja tu. Ningekuwa mjane leo." Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimsalimu Bi Makohozi kwa heshima, mmoja akamwombea maisha marefu. Kila shukrani ilimchoma, na kila jioni aliahirisha kusema ukweli. Siku ya saba alivuta kiti.

"Kaka, Jumatatu ile ulitoa nini kwenye kikopo?"

Cheche akacheka kidogo, akishika ubavu. "Mate. Kohozi lilikuwepo, nikalitupa chooni. Niliona aibu, mdogo wangu. Nilijua utalitazama wewe. Nisamehe, nimekusumbua."

"Usiniombe msamaha," alisema. Akatoa ile karatasi kwenye mfuko wa koti, akaiweka juu ya shuka. "Nilikitazama mimi. Hii ni saini yangu."

Wifi aliyekuwa akimimina chai akasimamisha mkono. Cheche aliisoma karatasi polepole, kama asomavyo vipimo vya geti.

"Kwa hiyo na wewe hukuona kitu," alisema. "Kwa kuwa yalikuwa mate. Basi kosa ni langu."

Mlango huo ulikuwa wazi kabisa, na angeweza kupita. Bi Makohozi akajikohoza.

"Niliona kwamba ni mate. Mate hayapimwi. Nilitakiwa nikirudishe uombwe kingine. Nilijua hilo nikiwa nimeshika kalamu, nikaandika hakuna vimelea."

Kwenye kitanda cha jirani mtu aligeuka, kisha akajifanya amelala. Cheche alimtazama mdogo wake.

"Mimi niliona aibu," alisema. "Wewe uliogopa nini?"

"Barua."

"Barua gani?"

"Ya onyo. Ingekuwa ya tatu."

"Barua," alirudia Cheche. Hakupandisha sauti, hakuwa na pumzi za kutosha. Aliikunja karatasi mara mbili, akamrudishia, akageukia ukutani, akilalia ule ubavu wake usiouma.

Wifi alianza kukusanya vyombo, kikombe kimoja kimoja, kijiko, kifuniko cha thermosi. Bi Makohozi aliinuka kumsaidia, na wifi akavisogeza vyombo vyote upande wake wa meza.